Giaboksi ya Otomatiki katika Cobra ya Mjomba

Mjomba wangu, mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Leicester tangu ujanani, alikuwa na nakala ya AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960, aliyoiunda mwenyewe: bodi ya faiba, chasisi ya mabomba ya chuma, na injini ya Ford V8 aina ya 302, yaani ya lita 5 hivi. Baada ya kupasuliwa goti la kushoto hakuweza tena kukanyaga klachi, ambayo katika gari lile ilikuwa nzito hata kwa kijana. Wenzake walimshauri aliuze, wakidai kwamba Cobra isiyo na klachi si Cobra. Sikukubaliana nao hata kidogo. Carroll Shelby mwenyewe, Mmarekani aliyeibuni Cobra, katika miaka ya 1960 aliwahi kutoa Cobra chache zenye giaboksi ya otomatiki. Na hata kama asingetoa, mtu aliyeliunda gari kwa mikono yake ana haki ya kulifanya liufuate mwili wake.

Tulichagua Ford C4, giaboksi ya gia tatu iliyoanza kutumika mwaka 1964, kwa kuwa ni nyepesi na ni ya ukoo mmoja na injini ile. Nilianza na usawazishaji, yaani uzito unaoongezwa ili injini izunguke bila kutetema. Injini za 302 za zamani husawazishwa kwa aunsi-inchi (kipimo cha uzito huo) 28 hivi, na zile za kuanzia mapema miaka ya 1980 kwa 50, hivyo sahani nyembamba inayofungwa mahali pa flaiwili ni lazima ilingane na injini, la sivyo mtetemo utazila beringi.

Kazi iliyonitia hofu zaidi ni kupachika toki konveta, chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa msukumo wa mafuta, badala ya klachi. Shingo yake hutakiwa kushikana na pampu ya mafuta iliyo mbele ya giaboksi, na haiingii kwa mkupuo mmoja: unaizungusha huku ukiisukuma, inazama kidogo, unaizungusha tena, inazama tena. Fundi asiye na subira, akiivuta giaboksi kwa bolti mpaka ikutane na injini, huivunja pampu kabla gari halijawashwa. Mjomba alikaa kwenye kigoda akisikiliza kila mlio. "Bado, mjomba, haijakaa hiyo," aliniambia, nami nikaendelea kuzungusha mpaka rula ikathibitisha kwamba imezama yote.

Propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, ilikatwa upya, mafuta ya giaboksi yakapewa kipoza chake mbele ya rediata, na swichi ikawekwa ili stata isifanye kazi ila gia ikiwa kwenye P (kuegesha) au N (huru).

Tulipolitoa barabarani, gia zilichelewa kubadilika, kisha zikagonga kwa nguvu. C4 hupima mzigo wa injini kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, kupitia mpira mdogo, na kemishafti (mhimili unaofungua vali) kali ya mjomba ilikuwa ikidhoofisha mvuto huo, hata giaboksi ikadhani injini imeelemewa muda wote. Tulifunga kwenye giaboksi kidhibiti cha mvuto huo chenye skrubu ya kurekebisha, tukakiweka sawa kidogo kidogo baada ya kila mzunguko wa mtaa, mpaka gia ya pili ikaingia kwa ulaini.

Kilichobaki ni barabara kuu. C4 haina gia ya nne ya kuipumzisha injini, na kwenye M1 mlio wake ulimchosha mjomba. Majira ya baridi yalipoingia tuliifungua difu, tukaweka meno ya uwiano mrefu zaidi, ili injini izunguke polepole kwa mwendo uleule.