Hujakoma?

Jana usiku mke wangu aliniuliza neno moja tu: "Hujakoma?" Nilikuwa nimekaa barazani na daftari, napiga hesabu ya biashara mpya ya kuuza barafu: friza, umeme na mifuko. Sikumjibu.

Biashara yangu ya kwanza, hapa Lamu, ilikuwa mashua. Nikiwapeleka wageni kisiwa cha Manda Toto kuogelea kwenye matumbawe, au Takwa, kisiwani Manda, kutazama magofu, tena mpaka maji yajae, maana yakitoka mkondo haupitiki. Septemba 2011 mgeni akatekwa Kiwayu, Oktoba mwengine Manda, na nchi zao zikawaonya watu wao wasije. Kaskazi nzima, msimu tunaoutegemea, mashua ikalala gatini. Nikavumilia. Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, kafyu ikawekwa, nami nikaiuza kwa bei ambayo hadi leo siitaji mbele ya watu.

Tangu hapo nimeajiriwa. Mshahara huingia upepo wa kusi uvume usivume, watoto wamesoma kwa pesa hiyo, na mwajiri wangu ni mtu mwema. Sina la kumlaumu.

Lakini kila alfajiri nikipita gatini, moyo hautulii. Naona wavuvi wakishusha samaki, barafu ishayeyuka, mnunuzi anavuta bei chini nao wanakubali kwa sababu samaki hangoji. Nawajua manahodha hawa. Najua nani hulipa siku hiyo hiyo, nani hulipa baada ya Ijumaa, na nani usimkopeshe hata akiapa. Najua pia nilipokosea mimi: pesa ya kaskazi niliila kaskazi, kusi likanikuta mkono mtupu. Yote hayo niliyalipia kwa mashua nzima. Kuyaacha yaoze ndani yangu kunaniuma kuliko hasara yenyewe.

Watu hudhani aliyeanguka akirudia biashara amevutwa na tamaa. Kwangu si hivyo. Mshahara unanilisha, ila hakuna siku unayoniuliza ninachokijua.

Leo baada ya Magharibi nimemweleza mke wangu haya yote. Mara hii sikopi: friza moja, ya mtumba, na kazi siachi kwanza. Akanyamaza, kisha akasema, "Na kusi, wavuvi wasipotoka, barafu utamuuzia nani?"

Swali la haki. Nimefungua daftari upya, nahesabu harusi na wauza juisi.