Kifua cha Mama Si Mbadala Tu wa Mashine

Usiku wa Julai hapa Mbeya baridi huingia hadi wodini, na kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, baridi ni adui wa kweli, kwa kuwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kila anapojitahidi kujipasha joto hutumia sukari na oksijeni ambazo mwili wake hauna akiba yake. Ndiyo maana sisi wakunga humlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, njia tunayoiita kangaruu, akiwa na nepi, soksi na kofia ya sufi iliyonunuliwa Mwanjelwa, kisha tunamfunga kwa kitenge ili asiteleze wala shingo yake isijikunje na kumziba pumzi.

Wiki hii bibi mmoja kutoka Rungwe, aliyekuja kumwona mke wa mwanawe, aliniita pembeni akaniuliza kwa upole: "Mwanangu nesi, kama tungekuwa na hela, si mngemweka huyu mjukuu wangu kwenye mashine?" Nilimjibu kwamba hata Ulaya kwenye mashine nyingi sasa watoto kama huyu huwekwa kifuani. Hakuniamini sana, nami simlaumu, kwa maana wataalamu wengi pia walifikiri kama yeye kwa miaka mingi.

Kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na inkubeta, yaani mashine za kuwapasha watoto joto, chache kiasi kwamba watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika moja, wakaambukizana maradhi, huku mama zao wakizuiwa nje. Dkt. Edgar Rey Sanabria, na baadaye Dkt. Héctor Martínez, wakawakabidhi mama watoto wao. Karibu zaidi na kwetu, katika hospitali ya misheni ya Manama nchini Zimbabwe, ambako hapakuwa na inkubeta, Dkt. Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo waliandika mwaka 1994 kwamba watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,500, ambao awali alinusurika mmoja tu katika kumi, sasa walinusurika nusu yao.

Hata hivyo, kwa muda mrefu mafunzo yalisema mtoto kwanza atulie kwenye mashine, ndipo apewe mama. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021 ndio uliogeuza mambo. Ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na waliosubiri kutulia kwanza walifariki asilimia 15.7, na utafiti ukasitishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata shirika hilo likatoa mwongozo mpya kwa nchi zote, tajiri na maskini. Mama wa Kitanzania, kwa vifua vyao, wamo ndani ya ushahidi huo, na ningependa kila mwanafunzi wa ukunga alijue hilo.

Nadhani kitakachofuata njia hiyo, ya kutoka nchi maskini hadi nchi zote, ni shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu anayopoteza mama baada ya kujifungua, lililobuniwa Belgaum, India. Lilipotumika pamoja na tiba zote za kuzuia damu kutolewa kwa mara moja, katika utafiti wa mwaka 2023 uliojumuisha Tanzania, madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60.

Linalonisumbua ni jambo jingine. Kangaruu ilipofika Uswidi ilipewa chumba, kitanda cha mzazi kando ya mtoto, baba naye akavua shati, na wazazi wakalipwa na bima ya jamii kwa siku wanazokaa hospitalini. Huku tulikoipokea mapema, mara nyingi mama huketi kwenye benchi gumu mgongo ukimuuma, na tunashangaa kwa nini hafikishi saa zinazotakiwa za kumweka mtoto kifuani. Tumezoea kusema njia hii haina gharama, ilhali gharama yake yote anaibeba yeye: viazi vinavyoozea shambani, na watoto wengine aliowaacha kwa jirani. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama wa njiti aongezewe likizo, nami nilifurahi kwa dhati, lakini wengi wa mama ninaowahudumia hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo.

Kwa hiyo, katika mahitaji ya wodi ya mwaka huu, nimeandika viti vya kuegemea na vitanda vya mama juu kabisa, kabla ya inkubeta mpya, na nimeomba baba na bibi waruhusiwe kupokezana na mama usiku.