Sikukuu ya Mwezi, Meixian

Mwaka 2012 nilikuwa Guangzhou, mwaka wangu wa tatu, nikifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya mizigo mtaa wa Xiaobei. Tulikuwa tukikusanya bidhaa za wafanyabiashara wa Kariakoo, tunazipima, tunazipanga kwenye kontena na kuzituma Dar es Salaam. Stoo tulikuwa wawili. Mimi nilizungumza na wateja, na kijana mmoja wa Kichina alihesabu maboksi. Aliniita ge, yaani kaka, kwa kuwa nilimzidi miaka saba. Mimi nilimwita didi, mdogo wangu. Miaka yote ile hatukuitana vinginevyo.

Katikati ya Septemba tulikuwa tunafunga maboksi ya viatu, akasema bila kuinua kichwa, "Ge, sikukuu hii usibaki peke yako. Twende kwetu."

Sikukuu aliyoisema ni ya mwezi, usiku wa kumi na tano wa mwezi wa nane kwa hesabu yao. Mwezi unakuwa mpevu, na kila mtu anatakiwa awe kwao usiku huo, ale na watu wake. Mwaka ule iliangukia tarehe 30 Septemba, kesho yake ni siku ya taifa lao, kwa hiyo likizo ikaungana ikawa ya siku nane. Kwao ni Meixian, mashariki ya mkoa wa Guangdong, kama kilomita 400 kutoka Guangzhou. Ni Wahakka. Jina lenyewe maana yake ni familia za wageni. Wazee wao walishuka kutoka kaskazini karne nyingi zilizopita, wakakuta mabonde mazuri yana wenyewe, wakapanda milimani. Lugha yao ni ya peke yao, na didi alinitahadharisha kwamba Kichina changu cha stoo hakitafika popote kwa bibi yake.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja tu, wa chakula. Mimi ni Muislamu, mtu wa Tanga. Guangzhou sikupata taabu. Ijumaa nilisali na mamia ya wenzangu kwenye msikiti wa kaburi la Abi Waqqas, na mchana nilikula tambi kwa Wahui, Wachina Waislamu. Lakini kijijini kwa Wahakka, nyama ya nguruwe imo karibu kila sufuria. Nikamwambia didi asimsumbue mtu, mboga na mayai vinanitosha. Akajibu, "Apo ameshajua." Apo ndivyo wanavyomwita bibi mzaa baba.

Tuliondoka kituo cha mabasi cha Tianhe saa mbili asubuhi. Safari ni ya saa sita, kwa hiyo tulihesabu kufika saa nane mchana na kupumzika kabla mwezi haujachomoza. Mimi nilibeba kilo mbili za tende na kanga mbili nilizoziweka kwa ajili ya mtu nitakayemheshimu. Didi alibeba boksi la keki za mwezi, akalipakata njia nzima, hakukubali liende chini kwenye buti.

Tatizo ni kwamba siku ile serikali ya China ilianza, kwa mara ya kwanza, kuondoa tozo ya barabara kuu kwa magari madogo wakati wa sikukuu kubwa. Kila mwenye gari aliona afadhali aendeshe mwenyewe. Hata Huizhou hatukuwa tumefika vizuri, foleni ikatushika. Tulitambaa saa nzima, tukasimama, tukatambaa tena. Kabla ya Heyuan dereva akazima injini.

Sijawahi kuona barabara ile ya magari yaendayo kasi ikiwa kimya namna hiyo. Watu wakashuka. Baba mmoja na binti yake wakatoa raketi wakaanza kucheza mpira wa vinyoya katikati ya njia. Wazee wakatandika magazeti kwenye kivuli cha lori wakacheza karata. Haukupita muda, wanakijiji wakatokea upande wa pili wa uzio na ndoo za mayai ya kuchemsha, birika za maji ya moto na tambi za kopo, wakawa wanavipitisha juu ya waya. Didi alininunulia mayai manne, akayamenya yote yeye, akaniwekea chumvi kwenye karatasi.

Adhuhuri ilipita na Alasiri ikaingia tukiwa palepale. Nikamwambia nataka kusali, nitazijumuisha. Akachukua boksi tupu la maji ya chupa, akalikunjua, akalitandika kwenye majani kando ya barabara, kisha akasimama nyuma yangu na mkoba wangu begani. Nilipotoa salamu niliwakuta watu kumi na kitu wamesimama mbali kidogo. Nikamuuliza aliwaambia nini. "Nimewaambia wasipite mbele yako." Mtoto mmoja wa kiume akaja akanigusa mkono kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyoguswa ndama. Nikampa tende. Alimpelekea mama yake kwanza.

Apo alipiga simu tangu saa nane. Kila baada ya saa moja simu ya didi inalia, na sauti ya bibi inasikika mpaka kiti cha pili. Mimi sikuelewa neno, lakini baada ya simu ya nne nilijua kwamba maswali ni mawili, yaleyale. La kwanza nililikisia: mmefika wapi? La pili lilikuwa refu zaidi, na didi alilijibu kwa kukazia neno moja, kama mtu anayekataza. Nikamuuliza. "Mambo ya jikoni," akasema. Simu yake ilipoisha chaji akampa namba yangu. Kwa hiyo saa mbili usiku, Heyuan iko nyuma yetu na mwezi uko juu ya vilima upande wa kulia, mkubwa, mwekundu kidogo, simu yangu ikalia, na ajuza wa Kihakka akaniuliza mimi maswali yake mawili. Nikamjibu kwa neno pekee aliloweza kulitambua. "Apo," nikasema. Akanyamaza, kisha akacheka sana.

Tulifika Meizhou, mji ulio jirani na kwao, saa sita na nusu usiku. Baba mdogo wake alikuwa anatusubiri stendi na pikapu, analala juu ya usukani. Nusu saa baadaye tukateremka mbele ya nyumba ambayo sikuwa nimewahi kuona mfano wake: nyumba moja pana iliyojipinda nyuma kama kiatu cha farasi, ukoo mzima ulijengewa pamoja humo, na mbele yake bwawa lenye umbo la nusu ya mwezi. Taa ilikuwa inawaka uani. Palikuwa na meza ndogo, juu yake ubani ulioteketea ukabaki vijiti, keki, chai, na tunda moja kubwa la kijani linaloelekea njano.

Nililijua kabla ya kulikaribia. Ni balungi, tunda ambalo bibi yangu Tanga alikuwa akiliita furungu. Alikuwa na mti wake nyuma ya jiko, na machanga yaliyoanguka ndiyo yalikuwa mpira wetu.

Apo alikuwa mfupi, mgongo umeinama, shati la maua limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilimwamkia kwa mikono miwili. Yeye hakunijibu, alinishika kifundo cha mkono akanivuta moja kwa moja mpaka jikoni. Pembeni ya meko kulikuwa na tenga la mianzi limefunikwa gunia. Akalifunua. Ndani alikuwamo kuku, jike, miguu imefungwa kwa ukindu, mzima, anapepesa macho kwa mwanga.

Didi alikuwa mlangoni. "Nilimwambia kwamba kuku wako ni lazima achinjwe na mtu wa dini yako," akasema. "Jirani wote walishakula tangu jioni. Alikuwa ananiuliza kwenye simu kama anaweza kumchinja mwenyewe, mgeni asije akafika na njaa. Nikamwambia asubiri."

Hilo ndilo lililokuwa swali la pili. Kuanzia saa nane mchana hadi saa saba usiku, sikukuu yao kubwa, maji yako motoni, na yule bibi hakula.

Alinipa kisu alichokinoa mwenyewe. Nikauliza magharibi ni wapi, didi akaonyesha kilima kilicho nyuma ya nyumba. Apo akaleta bakuli lenye maji ya chumvi, akaliweka chini ya shingo ya kuku. Kwao damu hugandishwa ikapikwa. Nikasita. Nilikuwa nimetendewa mengi, na sikujua nitalisemaje hilo. Didi akaona, akasema maneno mawili matatu. Bibi akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akaliondoa bila neno na kuyamwaga yale maji kwenye mfereji. Kisha akachuchumaa karibu yangu, na niliposema Bismillahi Allahu Akbar akatikisa kichwa polepole, kama anayehakikisha kwamba imefanyika ipasavyo.

Kuku wa Kihakka hupikwa ndani ya chumvi. Alimnyonyoa, akamfuta mpaka akakauka, akamfunga kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Akaninyooshea chupa ya mafuta hayo nione picha ya karanga. Kwenye karai akaikaanga chumvi ya mawe mpaka ikaanza kurukaruka, akamfukia kuku humo, akafunika. Tofu, jibini la maharage ya soya, ambayo wao huijaza nyama ya nguruwe, aliijaza samaki. Karai nalo lilikuwa jipya, kibandiko cha dukani hakijatoka chote kwenye mkono wake.

Tukingoja, aliniuliza kama natoka Morisi. Nilishangaa alivyoijua. Didi akanieleza kwamba kaka wa babu yake alipanda boti ya mto pale Songkou, akateremka mpaka Shantou, akapanda meli, akaenda Morisi kufungua duka. Watu wa Meixian walikwenda huko wengi, na Wachina wa Morisi hadi leo kwa sehemu kubwa ni wa asili yao. Barua zilikuja na pesa, halafu zikakatika. Nikamwambia Apo kwamba bahari inayopiga Morisi ndiyo hiyohiyo niliyoogelea utotoni. Alitaka atafsiriwe mara mbili.

Tulikula saa tisa kasorobo. Nyama ilichambuka kwa vidole, na chumvi ilikuwa imeingia mpaka mfupani. Yeye aliniwekea paja, nami nikamrudishia la pili, akalikubali. Kisha akalitoa furungu mezani, akalikata mistari minne ganda lake, akalibandua zima kama kofia na kumvika didi, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, ambaye aliinamisha kichwa avikwe. Harufu ile ilipopanda nikatoa simu.

Tanga ilikuwa haijafika saa nne usiku. Mama akapokea. Nikamwambia niko kwa bibi wa mwenzangu, milimani, tumekula. Apo akauliza ni nani, akanyoosha mikono yote miwili, nikampa. Mama alisikia pumzi ya mtu mzima, akasema, "Shikamoo mama." Bibi akaanza kumweleza, taratibu, kwa Kihakka, ameelekeza uso bwawani. Mwezi ulikuwa umeshaegemea upande wa kilima. Kila alipotua nilimsikia mama akiitikia, "Naam. Naam, mama." Salio likaisha akiwa bado anaongea.