Watoto wa Kagunga na swali nililojifunza kuuliza

Mwezi Mei mwaka 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao walipofurika Kagunga, kijiji cha mkoani Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, nilijitolea kupokea watoto waliofika bila wazazi. Kutoka Kagunga walivushwa kwa mitumbwi hadi meli ya MV Liemba, wakashushwa Kigoma mjini, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Katika kila kituo, mtoto angeweza kupotezana na mtu pekee aliyebaki naye.

Mimi ni Muha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinaelewana, nilidhani lugha ingenitosha. Siku ya pili nilimwandikisha mvulana wa miaka kama tisa na binti aliyemzidi kidogo katika mabasi tofauti, kwa sababu majina yao hayakufanana. Nilisahau kwamba kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja huweza wasishiriki jina lolote. Basi la kwanza lilipoondoka, mvulana aliketi chini, akavua kandambili aliyoivaa mguu mmoja, akaikumbatia na kusema, "Mushiki wanje." Dada yangu. Walikuwa wamegawana jozi moja.

Niliomba nafasi katika basi lililofuata nikaenda naye mwenyewe. Tulimkuta binti jioni karibu na meza ya kuandikishia, mguu mmoja peku, chakula chake hajakigusa.

Tangu hapo sikuanza tena na jina. Niliuliza: Umekuja na nani? Usiku ulilala karibu na nani? Kwenu ni mlima gani? Maana Burundi mtu hujulikana kwa mlima atokako. Majibu niliyaandika kwenye kadi. Waliotajana niliwafunga mkononi utepe wa rangi moja, ili hata mhudumu asiyejua Kirundi asiwatenganishe. Kipindupindu kilipozuka na mmoja akalazwa, nilikataa nduguye asafirishwe kabla hajapona, ingawa wasimamizi walinung'unika kwamba uwanja umejaa, na kweli ulikuwa umejaa. Kumsubirisha mtoto siku tatu ni taabu, lakini nilikwisha kuona taabu ya kumtafuta kambini kati ya maelfu ya watu.

Siku chache baadaye mama mmoja alishuka melini, akapita kila hema akiutaja mlima wao. Nilizifungua kadi zangu, nikaanza kusoma.