Hesabu za siku ndani ya andiko la ruzuku

Tangazo la ufadhili likitua kwenye kundi la WhatsApp la idara, jicho la kwanza linakwenda kwenye kiasi cha fedha. Lianze kwenye vigezo. Chukua ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya kwa waliomaliza PhD. Mtanzania anaruhusiwa, lakini asiwe ameishi nchi anayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho. Aliyekaa Ujerumani miaka 4 akarudi Dodoma mwaka jana hana nafasi Ujerumani. Atafute mwenyeji Uholanzi au Hispania. Sehemu kuu ya andiko ni kurasa 10, na ubora wa sayansi una asilimia 50 ya alama, manufaa 30, utekelezaji 20. Anayemaliza kurasa 6 kwenye mapitio ya machapisho amejinyima mwenyewe.

Halafu saa. Dirisha la maombi hayo hufungwa kwa saa za Brussels: saa 17:00 ya huko mwezi Septemba ni saa 12 jioni kwetu. Ulaya ikirudi kwenye saa za baridi inakuwa saa 1 usiku. Pakia jana yake. Umeme ukikatika kwetu Ng'ong'ona, Dodoma, saa 11 jioni, mfumo wa maombi hautakusubiri.

Kwa wanawake wa sayansi wanaotaka PhD katika nchi nyingine inayoendelea, ipo OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lenye makao Trieste, Italia. Ruzuku za COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kupitia mfuko wake wa MTUSATE watu huzipita haraka, nami naona ndiko kwa kuanzia: mfadhili mkubwa hupenda kuona umewahi kushika fedha ndogo na kuitolea hesabu.

Sasa bajeti, ambako maandiko mengi yanavuja. Mstari unaosema "kazi ya uwandani, shilingi milioni 20" haumwambii msomaji kitu, na hapo ndipo kalamu ya kukata inapoanzia. Hesabu siku kwanza. Sema unataka kaya 240 katika vijiji 8 vya wilaya za Bahi na Chamwino, Dodoma, kaya 30 kila kijiji. Kwa dodoso la saa moja, mdadisi mmoja anamaliza kaya 5 kwa siku, maana nyumba zimetawanyika na wenyewe wengine unawafuata kisimani. Hizo ni siku 48 za mdadisi mmoja. Wakiwa 4, siku 12. Ongeza 2 za mafunzo, 1 ya kujaribu dodoso, 2 za kurudia waliokosekana. Jumla siku 17, yaani posho 68. Gari ni siku 15 tu, kwa kuwa mafunzo yanafanyika mjini. Weka na posho ya mwenyeji wa kila kijiji. Piga yote kwa shilingi kwanza, kisha geuza kuwa dola au euro, na uandike kiwango ulichotumia na tarehe yake. "Mengineyo, asilimia 10" ifute tu.

Siku hizo 17 ziangukie wapi? Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Makorongo yanakata barabara na watu wako shambani kwenye uwele, mtama na alizeti. Ratiba inayopeleka wadadisi vijijini Februari inamwonyesha msomaji aliyewahi kufanya kazi kwenye nyanda kame kwamba mwandishi hakuzihesabu mvua. Weka Julai hadi Septemba. Mradi ukianza Januari, miezi ya mwanzo ni ya vibali.

Vibali vina mlolongo wake. Kwa watumishi na wanafunzi wa chuo kikuu, barua ya Makamu Mkuu wa Chuo hutolewa kwa niaba ya COSTECH. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Utafiti wa afya unapita pia kwenye kamati ya maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayosimamia ngazi ya taifa. Mshirika kutoka nje anahitaji kibali cha COSTECH chenyewe, kisha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ada zake ziingie kwenye bajeti, la sivyo zitatoka mfukoni mwako.

Kitu kimoja mtafiti hawezi kukirekebisha peke yake Ijumaa jioni: usajili wa chuo. Ruzuku za serikali ya Marekani zinazopitia taasisi zinadai namba ya UEI, yaani utambulisho wa taasisi wenye herufi na tarakimu 12, na usajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo, unaohuishwa kila mwaka. Ukiwa umekwisha, andiko zuri linakwama mlangoni. Wiki unayoona tangazo, piga hodi kwenye kurugenzi ya utafiti, uliza usajili unaisha tarehe ngapi, na nani anaweka saini. Uliza pia kama huyo mwenye saini atakuwa safarini.