Kazi za wateja wa ng'ambo: ugomvi huanzia wapi

Timu ya Kisumu ikifanyia kampuni ya Ujerumani kazi ya kuingiza data, mara nyingi ugomvi hauanzi na pesa. Huanza na kimya. Stima imepotea, kazi imechelewa, na msimamizi anaona haya kusema mpaka amalize. Mteja husamehe kuchelewa akiambiwa mapema, lakini akifichwa, hasahau. Basi mkataba useme: ikionekana kazi itachelewa, taarifa itolewe ndani ya saa mbili, ikitaja rekodi zilizokwisha, zilizobaki na saa mpya ya kumaliza. "Tunashughulikia" si taarifa, ni kununua muda tu.

Kinachohesabiwa kuwa kosa nacho kielezwe kabla ya kazi kuanza. Chukueni rekodi 100 za majaribio, kila upande uzikague peke yake, kisha mlinganishe. Kubishana hapo ni nafuu kuliko kubishania ankara.

Mkipanga saa za kazi, kumbukeni kwamba Kenya haibadilishi saa. Ujerumani husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tofauti ni saa moja wakati wa joto, mbili wakati wa baridi.

Lawama zisimwagwe kwenye kikundi mbele ya wote. Mteja ampigie msimamizi simu, na waliyokubaliana yaandikwe kwa barua pepe siku hiyohiyo.