Beijing au Guangzhou: nilivyoamua nikiwa Mtwara

Machi 2017 nilikuwa na barua mbili za udahili, moja ya chuo cha Beijing na nyingine ya chuo cha Guangzhou, mji wa kusini mwa China. Zote ni za uzamili wa uhandisi wa maji, miaka mitatu: mwaka mmoja wa lugha, miwili ya masomo yenyewe kwa Kichina. Fomu ya ufadhili ilitaka niandike chuo cha kwanza na cha pili, na zilikuwa zimebaki siku tisa kuirudisha. Nje ya nchi nilikuwa nimefika Msumbiji tu, kwa kuvuka Ruvuma kwenda harusini.

Kwetu Wamakonde mjomba ana neno kubwa. Mjomba wangu ana duka la nguo hapa mjini, na Guangzhou alishakwenda mara nne kufuata mzigo. Nilipokwenda kumwamkia na kumwonyesha zile barua, hata hakuifungua ya Beijing. "Guangzhou kuna watu wetu, mpwa wangu. Kuna joto kama huku. Ukiumwa, Mtanzania atakubebea uji. Huko kwingine utamwita nani?" Mama alikuwa upande wake. Alikuwa amesikia kwamba Beijing maji ya mito huganda, na hilo kwake lilitosha kumaliza mazungumzo.

Mambo mengi niliyodhani yangeniamulia hayakuniamulia kitu. Posho ya uzamili wakati huo ilikuwa yuan 3,000 kwa mwezi, uwe Beijing au Guangzhou, na hosteli ilikuwa ya bure kote kuwili. Safari zote mbili zilipita Addis Ababa. Saa ni ileile, kwa sababu China nzima inafuata saa moja, iliyo mbele ya yetu kwa saa tano: mama akinipigia saa 12 jioni, kwangu ni saa 5 usiku popote nilipo. Vyuo vyenyewe nilivilinganisha somo kwa somo mpaka macho yakaniuma, nikaona vinalingana.

Kilichonisaidia ni swali moja nililowauliza watu wawili. Nilitafuta Watanzania wanaosoma huko, nikampata kijana mmoja Guangzhou na dada mmoja wa Nachingwea aliyekuwa Beijing. Sikuwauliza kama mji ni mzuri, maana kila mtu husifu alipo au hulalamika kwa kadiri alivyoamka. Niliwaomba wanisimulie Jumanne yao iliyopita, toka walipoamka mpaka walipolala. Wakanitumia sauti.

Jumanne ya yule kijana ilikuwa tamu kuisikiliza. Darasa asubuhi, kisha Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, akala wali na samaki wa kukaanga kwa mama mmoja wa Afrika Magharibi. Jioni alikuwa na wageni wa kaka yake kutoka Kariakoo, akawasindikiza madukani. Akasema, bila kulitilia uzito, kwamba toka saa 7 mchana mpaka analala alikuwa anaongea Kiswahili, na kwamba wenye maduka wakisemezana wenyewe kwa wenyewe wanatumia Kikantoni, ambacho darasani hafundishwi.

Ya yule dada ilinitisha. Alikwenda benki peke yake, akakaa saa nzima kwa jambo la dakika kumi kwa sababu hakuwa na wa kumtafsiria. Alikula kwenye kantini ya Waislamu hapo chuoni. Jioni mlinzi wa hosteli, mzee wa Beijing, alimsimamisha kama kila siku na kumrudisharudisha kwenye neno moja mpaka alipolipatia sauti yake. Akaniambia, "Toka Jumapili sijaongea Kiswahili ila kwa simu." Sauti yake ilikuwa imechoka. Lakini ujumbe ule niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nikawa nimeamua. Mwisho wa mwaka wa kwanza ningetakiwa nifaulu HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, daraja la nne, wakati huo lenye maneno 1,200, ndipo niruhusiwe kuingia darasa la uhandisi. Ninajijua. Penye watu wetu ningekaa na watu wetu, ningepika, ningecheka, na mwaka ungeisha. Kichina sanifu matamshi yake yamejengwa juu ya matamshi ya Beijing. Yule mlinzi mlangoni alikuwa mwalimu wa pili asiyelipwa.

Ilibaki baridi, kwa sababu ya mama. Januari Guangzhou wastani ni kama nyuzi 14, na Beijing ni chini ya sifuri. Lakini nikajifunza jambo ambalo hata mjomba hakulijua, kwa kuwa yeye huenda wakati wa maonesho ya biashara, Aprili au Oktoba. China ya kaskazini nyumba hupashwa moto kwa mabomba ya maji ya moto yanayopita kila chumba, na kusini hakuna utaratibu huo. Ikifika nyuzi 8 Guangzhou, mara nyingi na ndani ni baridi ileile, na shuka zina unyevu. Yule kijana alikiri kwamba usiku wa baridi hulala na soksi mbili. Yule dada hulala na fulana.

Na nikatafuta msikiti. Guangzhou una Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa ya China, na kaburi ambalo Waislamu wa huko hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Nakiri hilo lilinivuta sana. Lakini Beijing nako kuna Niujie, msikiti unaotajwa kujengwa mwaka 996, wenye ukumbi wa wanawake, na mtaa mzima unaouzunguka ni wa Waislamu: bucha za ng'ombe na kondoo, maandazi, keki za wali. Sikuwa tena na sababu ya kuogopa njaa.

Kumwambia mjomba ndiko kulikokuwa kugumu. Nilikwenda baada ya Isha na kilo mbili za korosho, nikamsikilizisha zile Jumanne mbili kwenye simu, zote, bila kusema neno. Alikaa kimya kirefu. Akasema, "Huyu wa pili anateseka." Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba. Lakini anasoma." Hakunibariki usiku ule, ila hakunikataza, na fomu niliijaza hivyo.

Wiki zilizonivunja moyo zilikuwa za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na hazimo kwenye maelezo ya mtu yeyote. Mabomba hufunguliwa tarehe 15 Novemba. Kabla ya hapo baridi imeshafika na chumba ni kama jiwe. Nililala na kanga tatu juu ya blanketi. Baada ya hapo hewa ikawa kavu mpaka midomo ikapasuka na pua ikatoka damu. Mtu aliyekulia pwani ngozi yake haijui ukavu. Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa 11 jioni, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana mbio. Ramadhani ya 2018 ikaangukia Mei na Juni, tunafunga toka karibu saa 9 usiku mpaka saa 1 na nusu jioni. Mwislamu anayefikiria kwenda kaskazini alipige hesabu hilo mapema. Mtihani nilifaulu Mei hiyohiyo, nikiwa nimefunga.

Oktoba 2018 mjomba alikuja Guangzhou kwenye maonesho, akanikatia tiketi ya treni ya mwendokasi. Saa nane hivi njiani. Niliondoka na sweta, nikashuka kwenye joto lilelile la Mtwara ya mwezi wa sita, na mipapai imesimama nyuani mwa nyumba. Moyo ulinisogea. Siku ya kwanza nilikula, nikaongea Kiswahili mpaka koo likakauka, na nikaelewa kabisa kwa nini anayekwenda kwa biashara asiende kwingine.

Siku ya pili tukaingia soko la nguo za jumla karibu na stesheni. Mjomba alitoa kikokotoo kama alivyozoea, kuandika bei na kumgeuzia mwenye duka. Nikamsalimia yule mama kwa Kichina, akacheka, akauliza nimejifunzia wapi lafudhi ya Beijing. Mjomba akarudisha kikokotoo mfukoni. Tulizunguka mpaka jioni, mimi nikipatana bei, yeye akipima vitambaa kwa vidole.

Mwisho alisimama kwenye duka la makoti mazito, yale yaliyojazwa manyoya ya bata, ambayo Mtwara hayana mnunuzi. Akalivuta moja refu, jeusi, akanipima mabegani.

"Muulize bei," akasema. "Na usimwachie kirahisi."